Kichupa cha Mwisho

Mkwe wangu hubuni vipande vifupi vya protini ambavyo, vikiachwa vitulie ndani ya maji, hujiunga vyenyewe vikawa wavu wa kunasa virusi. Vikiachwa! Nimesema mpaka mate yamenikauka. Kila baada ya dakika chache hukipindua kichupa chenye maji hayo aone kama wavu umeyagandisha yasimwagike, na wavu uliokuwa ukijisuka hukatika. Ameshaharibu vitano, jaribio ni kesho. Jana nilimpelekea miwani maabarani, nikamkuta ameshika cha sita, cha mwisho.

"Mama, si ulifundisha watoto subira shuleni?"

"Wale walikuwa wasikivu."

Alicheka, akakirudisha mezani, akaikalia mikono yake miwili mpaka saa ya kupimia muda ikalia.

"Kipindue wewe, Mama. Mikono imekufa ganzi."

Nikakipindua. Halikudondoka hata tone.