Mdogo Wangu Anakwenda Fungate Uganda

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa mwalimu wa jiografia Nyamiaga, wilayani Ngara, na mdogo wangu wa kike alikuwa karani wa kugawa chakula kambini Benaco. Alichumbiwa na fundi mabomba wa kambi hiyohiyo, Msukuma kutoka Biharamulo. Wiki sita kabla ya ndoa walikuja kwangu wote wawili na daftari jipya.

"Shikamoo shemeji," alisema yule kijana. "Tumekuja shule."

"Marahaba. Ada mmeleta?"

"Tumeleta njaa tu."

Walitaka fungate ya mwezi mzima nje ya nchi: Masaka, Kampala, Jinja kuona Nile inapoanzia, kisha Kisumu, na kurudi kupitia Mwanza. Akiba yao ingetosha wiki moja tu kama wangelala hotelini. Walitaka niwafundishe namna ya kuivuta ifike mwezi.

Fungate yangu mimi niliimaliza katika chumba cha nyuma kwa mama mkwe. Kwetu bibi arusi hatoki nje wala hashiki jembe mpaka siku atakapotolewa rasmi. Anakaa ndani, analishwa, anapakwa siagi ngozi ing'ae. Nilikaa wiki tatu nikitazama migomba dirishani. Sikujua kama kuna la kulalamikia, mpaka nilipomsikia mdogo wangu, mtoto niliyembeba mgongoni, akitaja Jinja kama mtu anayetaja sokoni.

Hata hivyo niliwafundisha, na niliwafundisha vizuri. Niliwaambia walale nyumba za wageni za parokia, maana paroko wetu angewaandikia barua ya utambulisho. Wabebe jiko dogo la mafuta ya taa, maharage na unga wa muhogo, na mboga wanunue jioni soko linapofungwa. Nauli ya kwenda wasilipe kabisa: malori yaliyoleta mahindi kambini yalirudi Uganda matupu, na dereva mmoja, rafiki wa bwana arusi, alikubali kuwafikisha Masaka. Hati ya kusafiria wangeichukua Bukoba, dereva akipumzika.

Kila Jumamosi mdogo wangu alikuja na kitu kipya: mara sweta, mara viatu vya mpira.

"Dada, ziwa likiwa upande wa Uganda lina rangi hiihii?"

"Maji ni maji," nilimjibu.

Alicheka, akadhani natania.

Sasa nieleze jambo ambalo sikuwaeleza wao. Mwezi wa nne nilikwenda Biharamulo kwa kazi ya shule. Kwenye kizuizi njiani mkaguzi wa uhamiaji alinisikia nikimjibu mama mmoja kwa Kihangaza. Kihangaza, lugha yetu, ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda cha wakimbizi; mtu wa mbali hawezi kuvitofautisha. Niliteremshwa nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa tisa, nikiulizwa jina la kata yangu na la mtendaji wake, mpaka alipopita mwalimu mwenzangu akanithibitisha. Mkaguzi aliniambia bila ukali, "Mama, siku nyingine njoo na barua ya mtendaji yenye picha na mhuri. Wengine wa kwenu nimewarudisha."

Nyumbani sikumsimulia mtu. Niliona aibu kudhaniwa mgeni katika nchi yangu. Na yule shemeji, kwa kuwa ni Msukuma, hakuna aliyewahi kumuuliza lolote njiani. Ina maana kati yetu watatu nilijua mimi peke yangu kwamba mdogo wangu angeteremshwa kwenye kizuizi kilekile, maana lori la Bukoba lingepita hapohapo, mume wake akimtazama, na huenda angerudishwa siku ileile ya kwanza.

Nilikuwa na Jumamosi sita za kumwambia. Kila mara nilijiahidi wiki ijayo. Lakini akianza kuongea habari za Jinja, mdomo wangu ulieleza mambo mengine, kwa utaratibu na upole, na hilo likabaki.

Walifunga ndoa Jumamosi. Jumanne asubuhi nilikwenda Benaco kuwaaga. Lori lilikuwa linaunguruma, na mdogo wangu ameshakaa mbele, sweta begani.

"Mwalimu," aliniita kwa utani, "kuna somo tuliloruka?"

Nilitazama jinsi alivyokuwa akicheka. "Lipo. Shuka."

"Dada, lori linaondoka!"

"Shuka, mdogo wangu. Huna barua ya mtendaji."

Nilimweleza palepale, yote, na benchi pia. Dereva alisubiri kidogo, akaomba radhi, akaondoka. Mumewe alisimama kati ya mizigo akimtazama mkewe, kisha mimi.

"Ulijua tangu lini?" mdogo wangu aliniuliza.

"Tangu mwezi wa nne."

"Na mimi nimekuja kwako Jumamosi ngapi?"

Alijua idadi.

"Ni wivu, dada?"

"Ni wivu."

Shemeji akakohoa. "Mimi nilidhani wivu ni wa wake wenza tu," alisema. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Mtendaji alikuwa mkutanoni, na barua ilipatikana Alhamisi. Ijumaa walipanda basi la kulipia kutoka Ngara mjini, na nauli hiyo ikala Kisumu yote. Waliifuta daftarini mbele yangu. Niliwapa nilichokuwa nacho, shemeji akapokea kwa mikono miwili. Mdogo wangu alikuwa hajaniambia neno tangu Jumanne.

Basi lilipoanza kusogea alifungua dirisha.

"Nikirudi nitakusimulia kila kitu," alisema. "Polepole. Na wewe utakaa kimya usikilize mpaka mwisho."

"Nitasikiliza," nilimwambia. Wivu ulikuwa bado unanichoma, nisikudanganye msomaji. Lakini barua ilikuwa mkononi mwake, na mhuri niliukagua mwenyewe.