Kikohozi cha Mama

Juzi nilimwona jirani akimeza vidonge vya kifua kikuu, nikakumbuka alasiri moja kwetu Kalemie, kando ya ziwa. Mama alikuwa amekohoa kwa muda mrefu, na mimi niliamini kosa ni langu, kwa kuwa nilimmwagia maji baridi ya ziwa kwa mchezo. Muuguzi aliyekuja kumpima alipoondoka, nyumba ikinuka moshi na ndagala, dagaa wa kwetu, nilimwendea nikilia na kumwomba msamaha.

“Mama, njo mimi nilikuletea kikohozi.”

“Hapana, mutoto wangu. Ni ugonjwa tu. Lakini bakia pale mulangoni.”

Akafunika mdomo kwa kitenge. Nilidhani amenikasirikia, kumbe alikuwa ananikinga.

Alimeza dawa miezi mingi, akapona. Siku aliponiita nikae mapajani mwake, nilisita, nikamwomba msamaha tena, kwani bado niliamini ni mimi niliyemletea ugonjwa.