Msimu Niliopasua Kuni

Kuni mbichi za mkaratusi zina harufu kali inayopanda puani na kukaa huko siku nzima, kama dawa ya kifua. Ukizipasua asubuhi, wakati migomba bado inadondosha maji ya mvua ya usiku, harufu hiyo huchanganyika na ya udongo na ya majani yanayooza, ikakushika nywele na nguo. Nilikwenda nayo shuleni msimu mzima. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tukiishi kijijini upande wa Muleba, miaka ile ya ujamaa ambapo kila kaya ilikuwa na siku zake za kulima shamba la kijiji. Wenzangu wa darasani walinukia sabuni, au moshi, au hawakunukia kitu. Mimi nilinukia mkaratusi, na mara nyingi nilisinzia kabla hesabu ya kwanza haijafutwa ubaoni.

Baba yangu, Tata kama tulivyomwita, alikuwa amevuka kwenda Uganda kutafuta vibarua kwenye mashamba ya miwa, na barua zake zilikuwa zimeacha kufika. Nyumbani tulibaki watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu Deo ambaye alikuwa hajaanza shule. Kupasua kuni ilikuwa kazi ya Tata. Alipoondoka, Mama alilichukua shoka bila kulizungumzia, kama alivyochukua kupogoa kahawa na kuziba paa. Alikuwa hodari, na kwa kawaida hakuwa mtu wa haraka. Lakini asubuhi moja kengele ya shamba la kijiji ililia, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa penye ofisi, naye alikuwa hajabandika hata chungu. Akaona asipoteze muda kusimamisha pingili ya mkaratusi juu ya gogo la kupasulia. Akailaza chini, akaikanyaga kwa mguu wa kushoto isibiringike, akapiga. Pingili ilikuwa na fundo. Shoka liliteleza juu ya fundo lile likaingia kwenye muundi wake.

Hakupiga kelele. Aliketi chini, akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Koku, lete kanga, halafu ukimbie kwa Ta Laurenti." Nilipofika na kanga niliona kitu cheupe ndani ya mguu wake, nikaelewa ni mfupa. Ta Laurenti, jirani yetu, alimpakia kwenye baiskeli yake na kuisukuma hadi zahanati ya misheni, mwendo wa saa nzima na zaidi, mimi nikifuata nyuma nimeushika mguu usining'inie. Walimshona. Wakasema asiukanyage hadi waone mfupa umeshika.

Chungu cha ndizi hakingoji mfupa ushike. Kuni tulizokuwa nazo zilitosha siku tatu. Siku ya nne Mama alijiburuta hadi mlangoni, akaketi kwenye mkeka na mguu wake ameunyoosha, akaniambia nilete shoka. Nadhani aliogopa kuliko mimi, maana kabla sijagusa pingili alinifanya nisimame uwanjani karibu nusu saa nikijifunza kusimama tu. Miguu ipanuke kupita mabega, usawa mmoja, usitangulie hata mmoja. Uwanja ufagiliwe, kusiwe na banzi la kukukwaza. Kichwa cha shoka kitikiswe kwanza; kikicheza, lilowekwe ndani ya maji hadi mpini uvimbe. Pingili isimame juu ya gogo, kwenye ukingo wa mbali, ili shoka likikosa liingie kwenye gogo. "Na linaposhuka, nawe shuka," alisema. "Kunja magoti. Ukibaki wima litakuja kwako." Nilipopiga nikiwa wima alinifokea kwa Kihaya, maneno ambayo hakuwahi kunitolea kabla, kisha akafunika uso kwa mkono na kuniambia nianze tena.

Alinifunga pia maganda makavu ya mgomba kwenye miundi, mafungu manene yaliyokazwa kwa kamba ya hayo hayo maganda, kutoka kifundo hadi chini ya goti. Nilijiona kama askari. Aliiona furaha hiyo usoni mwangu, akaniondolea papo hapo. "Hayo ni ya kuzuia mabanzi. Shoka litayapita kama vile hujavaa kitu. Kinachokulinda ni pale unaposimama." Basi nikasimama pale, asubuhi baada ya asubuhi. Nilipasua, nikateka maji, nikamenya ndizi, nikamkanda Mama mgongo, nikaenda shule. Jioni nilirudia. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Nilichoka uchovu ambao mtoto hana jina lake. Nilidhani ndivyo mwili unavyokuwa ukikua.

Kisha maneno yakaanza kuzunguka kwamba Mama alijikwaruza tu ili akwepe shamba la kijiji. Asiyefika shambani bila sababu aliondolewa kwenye zamu ya sukari na sabuni ya duka la kijiji. Jumamosi moja katibu wa kijiji akaja, kijana wa Bakoba, mjini Bukoba, aliyeletwa kwetu mwaka ule; viatu vyeusi, daftari la mahudhurio kwapani.

"Mama, sikuja kwa ubaya," alisema baada ya salamu. "Lakini watu wanauliza. Nami lazima niandike nilichokiona."

Mama alianza kufungua bandeji, mzunguko baada ya mzunguko, bila haraka. Katibu aliangalia mara moja, kisha akageukia migomba. "Inatosha," alisema. "Funga, Mama." Alibaki amesimama kama mtu asiyejua aondokeje. Ndipo aliponiona na shoka langu na maganda yangu. "Hebu lete nikusaidie," akasema, akavua saa, akamkabidhi Deo.

Pingili ya kwanza aliipasua vizuri. Ya pili ilikuwa na mafundo na ilikataa kusimama. Akailaza chini, akaweka kiatu chake juu yake, akainua shoka.

"Ndugu Katibu, mguu!" Sauti ilinitoka kabla sijaifikiria. Siku zile mtoto hakumwambia kiongozi hivyo.

Alicheka. "Mimi ni mwanamume, binti."

"Msikilize mtoto," Mama alisema kutoka mkekani.

Sijui kama aliutoa mguu kwa heshima au ili kutunyamazisha, lakini aliutoa. Nikaiegemeza pingili kwenye gogo, nikarudi nyuma, naye akapiga. Shoka liligonga fundo, likaruka pembeni, likazama ardhini hadi nusu ya kichwa, mahali hasa kiatu kilipokuwa. Katibu aliling'oa polepole.

"Nani kakufundisha?"

Nilimwonyesha Mama kwa kidevu.

Alichukua saa yake, akaandika kitu daftarini, akaaga. Sukari na sabuni hatukunyimwa. Lakini hakuomba radhi, wala hakumtuma mtu yeyote aje atupasulie kuni. Jumatatu yake nilikuwa uwanjani tena, na Jumatatu zilizofuata, hadi kahawa ikaiva na kuanikwa, ndipo Mama aliposimama. Alichechemea hadi alipozikwa.

Sasa naishi Hamugembe, mjini Bukoba, na napikia gesi. Nazungusha kitufe, moto unawaka, wajukuu wangu wanakula bila hata kujua chakula kimepikwaje. Nashukuru kwa hilo. Huwasikia watu wa rika langu wakisema miaka ile tulikuwa na umoja na raha, nami siwabishii, maana umoja ulikuwepo. Ta Laurenti alisukuma baiskeli. Ila mimi nikikumbuka, uchovu ndio unaotangulia. Mwezi uliopita nilikwenda hospitali kwa ajili ya mgongo. Daktari, binti mdogo mwenye adabu, alitazama picha muda mrefu, akaniuliza kama niliwahi kufanya kazi nzito zamani.

Nilimwambia hapana. Zamani nilikuwa mtoto wa shule.