Chumvi Ndani ya Meli ya Abdinur

Hoda Abdinur alikaa Garissa miezi minane akimuuguza dada yake. Siku ya pili baada ya kurudi Isiolo alibeba debe lake la mafuta akaenda kiwanja cha marehemu baba yao kuipaka meli. Akakuta kufuli mpya getini. Ilibidi amwite Abdiladif, mtoto wa kaka yake, aje kumfungulia, na hilo peke yake lilitosha kumharibia asubuhi.

Mgeni akiambiwa kuna meli Isiolo hucheka. Acha acheke. Meli ipo, ndefu kama malori mawili yaliyofuatana, na mbele ina mlango wa chuma unaoshuka chini kama daraja. Wazungu waliitumia vitani kuteremsha askari ufukweni. Vita vilipoisha ikaletwa huku vipande vipande, ikaungwa, ikavusha watu na mbuzi na sukari kule Merti kila mto Ewaso Nyiro ulipofurika. Baba yake Hoda, Abdinur, aliyekuwa askari naye, ndiye aliyeiendesha. Mafuriko ya mwaka wa sitini na moja, Hoda akiwa mtoto wa miaka tisa, alisimama ndani yake siku nne akihesabu watu wanaopanda, na baba yake hakupoteza hata mmoja. Serikali ilipoichoka na kuiuza kwa mnada, mzee aliinunua akaivuta mpaka mjini. Kila mwaka kabla ya mvua aliipaka mafuta ya mkia wa kondoo yaliyoyeyushwa pamoja na oili chafu. Alipokufa, Hoda akaendelea. Hakuna aliyemtuma.

Sasa Abdiladif alifungua geti, akasimama kando kama mtu anayeonyesha nyumba mpya. Meli ilikuwa imejaa magunia ya chumvi ya mifugo mpaka juu, na turubai limefungwa vizuri kwa kamba.

"Nimeiokoa, eedo," alisema. Wasomali humwita hivyo shangazi, dada ya baba. "Wale wa chuma chakavu walikuwa wanaizungukia kila wiki. Sasa ni stoo. Ina kufuli. Nani atagusa?"

"Umeweka chumvi ndani ya chuma."

"Iko ndani ya magunia. Na hapa ni pakavu, eedo, hii si Mombasa."

Hoda alivuta gunia la pembeni mpaka likaanguka. Chini yake palikuwa pamelowa, kwa sababu chumvi hunywa umande hata mahali ambapo binadamu anakosa maji. Sakafu ilikuwa imevimba na kubanduka tabaka tabaka kama chapati. Akaigonga kwa kisigino. Ikameguka.

"Hiyo kutu ni ya uzee," Abdiladif alisema.

"Mimi pia ni mzee. Nimeoza wapi?"

Akaagiza Mwongera aitwe, fundi wa kuchomelea kutoka barabara ya sokoni, Mmeru asiyejua kumfariji mtu. Mwongera alitambaa upande ambao magunia yalikuwa machache, akagonga hapa na pale. Mara ya nne nyundo ilipita hadi chini.

"Mama, hii chumvi ikikaa mpaka mvua mbili, utabaki na mlango tu," alisema.

"Basi mlango tuuchukue," Abdiladif akadakia. "Utafaa kuwa geti."

Hoda alimtazama kijana huyu mwenye ndevu za kupaka hina na malori matatu, na hasira ikampanda mpaka masikioni. Babu yake alikiuza kipande cha dhahabu cha mkewe ili meli isikatwekatwe, huyu anaona geti.

"Toa chumvi yako leo."

"Nitaipeleka wapi? Nipe mwezi mmoja."

"Leo, Abdiladif."

"Eedo, hiyo haiwezekani." Akaangalia saa, akasema ana mtu Ngaremara, akaenda zake. Ufunguo aliuacha mkononi mwa Hoda, maana katika ukoo ule hakuna anayethubutu kumnyima ufunguo wa kwa baba yake.

Baada ya sala ya adhuhuri Hoda alisimama mlangoni mwa msikiti, akawaambia wazee kwamba Abdiladif anatoa chumvi kwa wafugaji, sadaka ya kumrehemu babu yake, na geti liko wazi. Akapita soko la mifugo akasema vilevile. Kama alitenda dhambi, alitenda akiwa wima.

Watu walikuja na punda, na tuktuk, na migongo yao. Akina mama wa Kiturkana walibeba gunia moja wawili wawili. Abdiladif aliporudi alikuta magunia kumi yamebaki, na mzee Denge, Mborana mwenye ngamia wengi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, Mungu amrehemu Abdinur. Amelea."

Watu walikuwa wameinua mikono kumwombea dua. Angesema nini, kwamba babu yake hastahili?

"Amin," alisema.

Siku sita hakumsalimia shangazi yake. Hoda naye hakumtafuta. Alinunua maji ya mkokoteni, akaosha sakafu mara tatu, akaikausha kwa jua, akaonja chuma kwa ulimi mpaka kikaacha kuwa na ladha ya chumvi. Mwongera alikata vipande viwili vilivyooza akachomelea vipya. Sehemu ya nyuma, karibu na injini, alishindwa nayo. Alisema wazi kwamba pale pameshaliwa, na Hoda akatukana chini chini, akaendelea kupaka.

Siku ya saba lori lilirudi nyuma mpaka getini likiwa na shehena mpya ya chumvi. Abdiladif alishuka kutoka upande wa abiria.

"Tushushe humu kama kawaida?" dereva akauliza.

Hoda hakuinuka alipokuwa amechuchumaa. Abdiladif alitazama vile vipande vipya, kisha mikono ya shangazi yake, nyeusi mpaka kwenye viwiko.

"Peleka kwangu," alisema kwa ukali. "Shusha sebuleni."

"Tandika nailoni kwanza," Hoda alisema bila kugeuka. "Chumvi inakula simenti pia."