Picha ya Lena Haitoki Ukutani

Jua la Jumapili likishafika kwenye dirisha la jikoni, Albin Ruhl hana muda wa maongezi. Karatasi aliyoipaka gundi, rangi nyeusi na dawa ya picha jana imekauka gizani. Anaibana nyuma ya kioo kilichobeba sura ya binti yake, Lena, na kuianika juani.

Ikirudi ndani anailaza kwenye beseni la maji, kisha anaipitishia brashi laini. Sura inajitokeza polepole, kama mtu anayetoka kwenye ukungu.

Siku nyingine zote Ruhl, mwenye miaka hamsini na minane, husaga vioo vya miwani katika karakana moja hapa Buffalo, kwa dola kumi na mbili kwa wiki. Upigaji picha alijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na haoni haya kusema hivyo.

Wenzake hawamwachi apumue. "Fundi, sisi unatupa miwani tuone hadi kiroboto, halafu picha zako ukungu mtupu!"

"Viroboto mnao nyumbani," huwajibu. "Picha zao za nini?"

Kila mwaka hupeleka picha kwenye maonyesho ya chama cha wapiga picha, na kila mwaka hurudishwa. Safari hii wamekubali moja: Lena ameinamia bakuli la unga kando ya dirisha, wiki moja kabla ya kuolewa na kuhamia Oregon.

Lakini Ottilie, mkewe, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Picha ya studio, inayoonyesha kila uzi wa gauni, kwake ni karatasi ya kijivu tu. Hii ya Lena iliyo ukutani, yenye vivuli vizito, anaiona.

"Shingo ile ni ya Lena," anasema. "Nikimgombeza huinama hivyo hivyo, mjanja yule."

Jumatano katibu wa chama, Bwana Thayer, alikuja kuichukua kwa maonyesho, Ottilie akakataa isitoke ukutani.

"Mama, ni wiki sita tu."

"Baada ya wiki sita, mwanangu, mimi nitakuwa naona nini?"

Thayer alivaa kofia yake akaondoka mikono mitupu.

Picha za namna hii hazitoki sawa mara mbili. Gundi na maji hufanya yatakayo. Ruhl ameshaharibu mbili akitafuta nakala ya kumpelekea Thayer. Ya tatu ndiyo hii iliyo majini. Ottilie anainama mpaka pua inakaribia kulowa.

"Huyu nani?"

"Ni Lena, mwanao."

"Siye. Lakini mzuri. Mpe Thayer."

Ruhl anacheka, anaitundika ikauke. Jumapili ijayo, jua likiwaka, amepanga kujipiga picha mwenyewe: kubwa, nyeusi, ambayo mkewe ataitambua hata akiwa mlangoni.

"Vizuri," anasema Ottilie. "Na kwa brashi hiyo, mzee wangu, jiongezee nywele."