Nyumbu wa Asunta

Watu wa Jauja huniita Kanali. Wasikudanganye. Vita vilivyomng'oa mfalme wa Hispania katika nchi yetu ya Peru nilivihudhuria nikiwa nimeshika mkia wa nyumbu, na hata nyumbu mwenyewe hakuwa wangu.

Aliitwa Pastora, mama yake farasi, baba yake punda, na ukaidi wote aliuchukua kwa baba. Mke wangu Asunta alimrithi kwa marehemu babake. Mimi, Eusebio Yauri, nilimpandisha milimani na magunia ya chumvi na sufu, tukala kwa jasho lake, nami nikajiita mwanamume mwenye kazi yake.

Agosti ya mwaka 1824 wazalendo waliwapiga askari wa mfalme kule Junín. Walioshindwa wakashuka bondeni kwetu wakikimbilia kusini, wakizoa kila chenye miguu minne. Asunta akaniambia nimpeleke Pastora korongoni kwa dada yake, kwa sababu mnyama yule alikulia kwenye kambi ya mizinga, na akisikia tarumbeta hawezi kunyamaza. Nikacheka. Mwanamke anifundishe mimi habari za nyumbu? Nikamwingiza Pastora chumbani, nikamfunika blanketi letu la harusi na kumfunga mdomo kwa shali. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeshazikwa.

Sajenti alikuwa ametupita nyumba mbili tarumbeta ilipolia. Pastora akaitikia mpaka vigae vikatikisika. Sajenti akarudi, akauliza nani anaumwa humo ndani.

"Mama mkwe wangu, afande. Kifua kimembana."

"Pole sana. Na yule bibi anayekucheka pale uani ni nani?"

Alikuwa mama mkwe.

Walipojaribu kumtoa Pastora, aliwapiga mateke askari wawili. Mimi nilipomshika kamba akatulia, na sajenti akaamua kutuchukua wote. Asunta alitufuata hadi mwisho wa ukuta, macho makavu.

"Eusebio," akasema, "usirudi hapa bila nyumbu wangu."

Vita vyenyewe, vile vinavyosimuliwa siku hizi kila kilabu cha pombe, vilipiganwa Desemba kwenye uwanda ulio juu ya kijiji cha Quinua, karibu na Ayacucho. Mimi nilikuwa nyuma kabisa. Pastora alikuwa amekwama topeni na masanduku mawili ya risasi, nami namsukuma na kumtukana. Nilipomkwamua, karibu miaka kumi na minne ya vita ilikuwa imekwisha, ikabidi niulize nani ameshinda. Jeraha langu lilikuwa moja, kidole cha mguu, na aliyenikanyaga ni Pastora.

Wakubwa wakatia saini mkataba. Mtu aliyejua kusoma akatueleza sisi wa mizigo kwamba askari wa mfalme anayetaka kwenda kwao aende, asisumbuliwe, lakini maghala, silaha na wanyama wa jeshi wakabidhiwe washindi. Kwa hiyo mimi nikaachiwa huru, Pastora akabadilisha serikali. Nikamwendea ofisa wa wazalendo aliyekuwa akihesabu wanyama.

"Afande, nyumbu huyu si wa mfalme. Ni wa mke wangu."

"Mbona mkeo hakuja kusema wakati tunatia saini?"

Wenzangu wa Jauja walifunga virago siku ile ile. Jirani yangu Casimiro alinivuta mkono, akaniambia hakuna mke anayemfukuza mume kwa sababu ya nyumbu. Nikamjibu kwamba hamjui Asunta. Nilijiona mume mtiifu, tena shujaa. Ukweli ni kwamba niliogopa kuingia nyumbani mikono mitupu baada ya ujinga wa blanketi lile.

Nikawafuata washindi Cuzco, Puno, La Paz, hadi Potosí. Nchi mpya ya Bolivia ilitangazwa nikiwa nakaza mikanda ya tandiko. Nilisikia mizinga ya shangwe, nikadhani tumeshambuliwa, nikajificha chini ya tumbo la Pastora. Mwaka uliofuata, asubuhi moja ya baridi, Pastora hakuamka. Nilimlilia kuliko nilivyomlilia baba yangu. Nikajitwika tandiko lake liwe ushahidi, nikatembea miezi miwili, na kila kijiji wakaniuliza huyu nyumbu wa miguu miwili anauzwa bei gani.

Asunta alikuwa mlangoni anamenya viazi. Nilitua tandiko miguuni pake, nikaanza hotuba niliyoiandaa tangu Puno, juu ya juhudi zangu na baridi ya Potosí. Hakulitazama tandiko.

"Casimiro alirudi kabla ya Krismasi ile," akasema. "Nilimuuliza umefia wapi. Akasema hujafa, umemfuata nyumbu."

"Si ulisema nisirudi bila yeye?"

"Nilikuwa nimekasirika, baba wewe. Ulitaka nilie mbele ya wale askari?" Aliendelea kumenya. "Ungekuwa umekufa ningevaa nyeusi, watu wangekuja kunipa pole. Mwaka na nusu nimekuwa mke wa mtu aliye hai, na njia ya kurudi anaijua. Mimi nivae nini?"