Shimo Nililosaini Kivulini

Sijisifu. Nilikuwa mkaguzi wa nyama wa serikali machimboni Geita, kofia kichwani, akili sijui wapi. Mapatano yalikuwa haya: mimi nikiikataa nyama, kampuni ya mgodi huifukia, nami hushuhudia. Siku nilipokataa ng'ombe wa kimeta, jua lilinichoma, nikasaini kivulini: "Shimo nimeliona."

Wiki ile wachimbaji wawili wakafa kwa kula nyama hiyo. Bwana mifugo akaja na watu. "Tuoneshe shimo."

Nikanyoosha kidole popote, kifua mbele kama jogoo. Masanja, mchimbaji aliyemzika jana yake mdogo wake, mmoja wa wale wawili, akapiga sururu mara moja, akainama, akaushika udongo.

"Bwana Nyama," akasema taratibu, "sisi kazi yetu ni kuchimba. Ardhi hii haijawahi kuguswa."